Maswali na majibu: Kipokezi cha V2 na magari ya matofali ya Lego

Barua tulizozipokea safari hii zimefuatana katika jambo moja, nalo ni kile kisanduku kidogo chenye jicho jeusi kinachopokea amri za rimoti kwa miale ya infraredi na kuziendesha mota za magari yanayoundwa kwa matofali ya plastiki ya kuchezea ya Lego. Kwa asiyevijua vifaa hivi, ni vya mfumo uitwao Power Functions, ulioanza kuuzwa mwaka 2007. Kipokezi chake kina matundu mawili ya kuchomekea mota, jekundu na la buluu, pamoja na swichi ya kuchagulia chaneli moja kati ya 4. Mwaka 2012 kilitoka kipokezi kilichoboreshwa chenye alama ya V2, na hicho ndicho kinachoulizwa.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Ndugu yangu anayeishi Maskati ametuletea sanduku la vifaa vya Lego vilivyokwisha kutumika, vikiwemo vipokezi viwili vya zamani, na wanafunzi wa klabu ya sayansi wameunda gari la minyororo lenye mota mbili kubwa za XL, zote zimechomekwa katika kipokezi kimoja. Kwenye sakafu linakwenda vizuri, lakini likipandishwa kwenye ubao ulioinuliwa kidogo linasita, linazima, kisha likiachwa kwa muda linafanya kazi tena. Nimeshauriwa ninunue V2. Je, kuna tofauti ya kweli au ni jina tu? — Mwalimu, Wete*

Wa alaykumu ssalaam, mwalimu. Tofauti ipo, na ni ya ndani kabisa. Kipokezi hakizalishi umeme. Kazi yake ni kuutoa kwenye kisanduku cha betri na kuupitisha kwenye mota kwa kiasi na mwelekeo ulioamriwa na rimoti. Upitishaji huo unafanywa na chipu moja inayohudumia matundu yote mawili. Katika toleo la kwanza chipu hiyo ni LB1836, ambayo transista zake ni za aina ya zamani na hula sehemu ya volti kabla umeme haujafika kwenye mota, na kile kinacholiwa hugeuka kuwa joto. Katika V2 imewekwa DRV8833, inayotumia transista za MOSFET, kwa hiyo volti inayopotea njiani ni ndogo, joto ni dogo, na kila tundu linaweza kustahimili takriban ampea 1.5 mfululizo, ilhali ile ya zamani ilikusudiwa ampea 1 tu.

Sasa litazame gari lenu. Mota ya XL ikizuiwa kabisa isizunguke, huku ikipewa volti 9, hudai karibu ampea 1.8; ile ya L hudai kama 1.3, na ndogo ya M haifiki 1. Kwenye sakafu mota zenu hazidai hata robo ya kiasi hicho, lakini gari linapoanza kuupanda ubao mota zote mbili huelemewa kwa pamoja, chipu moja ikabebeshwa mzigo wa zote mbili, ikapata moto, na ulinzi wake wa ndani ukaukata umeme. Ikishapoa hufunguka tena. Hali uliyoieleza, ya kuzima na kufanya kazi tena bila ya kuguswa kitu, inafanana sana na hiyo.

Hata hivyo, usitoe fedha kabla ya kufanya jaribio moja, kwa sababu kisanduku cha betri nacho kina ulinzi wake dhidi ya mzigo mkubwa, na dalili zake zinakaribiana mno na hizi. Chomoa waya za mota kwenye kipokezi, uzichomeke moja kwa moja juu ya kisanduku cha betri, moja juu ya nyengine kama plagi hizo zinavyoruhusu, kisha uliwashe gari kwa swichi ya kisanduku likiwa limewekwa mwanzoni mwa ubao uleule ulioinuliwa. Kama mota moja itazunguka kinyume, igeuzieni upande kwa gia au kwa kuifunga kinyumenyume, maana lengo ni gari lipande tu. Likipanda bila kusita, basi kipokezi ndicho kilichokuwa kikilibana. Likizima vilevile, V2 haitawafaa kitu, na tatizo litafutwe kwenye betri au kwenye gari lenyewe: ekseli iliyobanwa mno baina ya matofali, mnyororo uliokazwa kupita kiasi, au gia zisizopunguza kasi ya kutosha. Mimi ningeanza kuzitazama gia. Magari mengi yanayosemwa hayana nguvu ninayoyaona hayana upungufu wa umeme hata kidogo. Yameundwa ili yakimbie, kisha yakatakiwa yapande mlima.

Kuhusu betri, kisanduku chenu hutumia 6 za AA. Zile za bei rahisi za zinki na kaboni zinazouzwa kwa ajili ya redio na saa za ukutani hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa mota ikielemewa tu volti zake huporomoka, na kipokezi kikaonekana kibovu. Za alkali ni bora. Za kuchajiwa za NiMH huanza na volti 7.2 badala ya 9, kwa hiyo gari litakuwa na mwendo mdogo kidogo, lakini haziporomoki chini ya mzigo kama zile rahisi, na kwa klabu ya skuli inayotumia kila wiki ndizo zitakazowapunguzia gharama.

Kama jaribio litathibitisha kwamba kipokezi ndicho chenye kasoro, bado ipo njia ya kufanya kabla ya kununua, kwa sababu umesema mnavyo viwili. Viwekeni vyote viwili kwenye chaneli moja, na kila kimoja kipate kisanduku chake cha betri. Mota ya kushoto ichomekeni kwenye tundu jekundu la kipokezi cha kwanza, ya kulia kwenye tundu la buluu la kipokezi cha pili, na matundu mawili yaliyobaki yaacheni wazi. Rimoti haitambui kwamba wanaoisikiliza ni wawili; kila kipokezi kitatii amri zote, lakini kila chipu itabeba mota moja tu. Gari litaongezeka uzito kwa kisanduku cha pili, nao si uzito wa kudharau, lakini kwa gari la minyororo uzito kidogo juu ya ubao huleta mshiko. Mkiona bado haitoshi, hapo ndipo V2 itakapostahili bei yake, na nashauri mpangilio huohuo wa vipokezi viwili uendelee, kwani V2 moja ikibebeshwa mota mbili za XL zilizozuiwa bado inazidiwa.

*Mwanangu ana gari la Lego la rimoti ambalo ndani ya nyumba linamtii, lakini akilitoa nje barazani wakati wa mchana halisikii mpaka rimoti iwekwe karibu kabisa. Mara nyengine linakwenda lenyewe na kujigonga ukutani ilhali ameshaacha kubonyeza. Je, V2 itaondoa tatizo hili? — Mama wa watoto watatu, Jang'ombe*

Hapana, mama, haitaondoa. Kilichobadilishwa ndani ya V2 ni njia ya umeme kwenda kwenye mota. Jicho linaloona miale lina udhaifu uleule. Jua hutoa miale ya infraredi kwa wingi, na ingawa rimoti huipigisha miale yake kwa mapigo elfu 38 kwa sekunde ili itofautike na mwanga wa kawaida, jicho likishajaa mwanga wa saa sita mchana halibakiwi na nafasi ya kukiona kimulimuli cha rimoti. Kivuli ndiyo dawa. Akichezea upande wa baraza usiopigwa na jua, au baada ya alasiri, ataona tofauti kubwa, na kama gari linaruhusu, jicho la kipokezi lizungushieni matofali machache pembeni kama kuta fupi, lakini lisifunikwe juu, kwa sababu rimoti huwa mkononi na miale hushuka kutokea huko. Baadhi ya taa za umeme mdogo nazo hulichafulia jicho hilo, kwa hiyo gari likikataa amri usiku chini ya taa fulani, izimeni muone.

Hilo la kujigonga ukutani linanionyesha ni rimoti ya aina gani aliyonayo. Zipo mbili. Ile ya vijiti viwili, namba 8885, hutuma amri kwa kurudiarudia muda wote kijiti kinaposhikwa, na kipokezi kikikosa kusikia kwa muda wa sekunde moja hivi huzima mota chenyewe. Ile yenye magurudumu mawili ya kuzungusha, namba 8879, huweka kasi kwa ngazi 7 kila upande na kasi hiyo hubaki hadi ije amri nyengine. Ni nzuri mno kwa treni, lakini juani huleta balaa, kwa kuwa amri ya kusimama isipofika gari linaendelea na kasi liliyopewa mwanzo. Nje ya nyumba mpe ya vijiti.

Ukitaka kujua kama rimoti yenyewe ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze: kwenye kioo cha simu utaona kitaa cheupe au cha zambarau kikimetameta ambacho jicho la mtu halikioni. Kisipoonekana, badilisha betri za rimoti kwanza.

Kama mtoto atashikilia kucheza juani, kipokezi cha infraredi kiachwe na itafutwe njia ya Bluetooth, ambayo haijali mwanga. SBrick, kipokezi cha Bluetooth kinachotengenezwa Hungaria, huchomekwa kwenye kisanduku kilekile cha betri, kina matundu 4 na huendeshwa kwa simu. BuWizz cha Slovenia kina betri yake ndani. Bei zake si za mchezo wa mtoto mdogo, nalisema wazi.

*Nimeonyeshwa kipokezi kilichotumika na muuzaji amesema ni V2. Nitakitambuaje bila ya kukifungua? Na je, naweza kubadilisha chipu ya kile cha zamani nilichonacho ili kiwe V2? — Fundi redio, Chake Chake*

Tafuta herufi V2 zilizoandikwa kwenye gamba lake; ni ndogo, kwa hiyo kitazame kwenye mwanga. Usitegemee namba 8884 iliyo kwenye boksi, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kwa kipokezi hiki tangu zamani. Kama kilitoka ndani ya seti 9398, lile gari la kupanda majabali la mwaka 2012, hicho ni V2, kwani ndiyo seti kilichotoka nayo. Kabla ya kulipa, vitazame pia vishaba vya plagi. Hewa yetu ya chumvi huvitia kutu ya kijani, na mguso mbovu huzuia umeme kuliko chipu yoyote.

Kubadilisha chipu sikushauri, ingawa mkono wako bila shaka umezoea kazi za kuchomea. LB1836 ya kipokezi hicho ina miguu 14, DRV8833 ina 16, na mpangilio wake haulingani, hivyo haitakaa kwenye ubao uleule.

*Tukinunua mota mpya za Lego, zitafanya kazi na V2? — Wanafunzi, Mkoani*

Zile za mfumo wa Powered Up, uliotoka mwaka 2018, hazitafanya kazi moja kwa moja, kwa sababu plagi yake ni nyengine kabisa na haiingii. Tafuteni mota zilizotumika za mfumo wa zamani: M, L na XL zote zinakubaliana na kipokezi cha toleo lolote, na mota ya usukani, namba 88004, nayo inakubali, ila kwa rimoti ya vijiti itakata kona nzima au irudi katikati tu, na kwa ile ya magurudumu itakwenda ngazi kwa ngazi.