Kallergis na usiku wa Septemba 1843

Mkuu, umeuliza kwa nini Dimitrios Kallergis, kamanda wa jeshi la Ugiriki, akiwa na askari mkononi, hakumng'oa Mfalme Otto wa Ugiriki akakaa yeye. Jibu fupi ni kwamba yeye na wenzake hawakwenda ikulu kutafuta kiti, walitaka katiba.

Huyu bwana asili yake ni kisiwa cha Krete, akasomea Urusi, kisha akarudi kupigana na Waturuki. Mwaka 1827, kwenye vita vya kuikomboa Athens, alitekwa. Wenzake wengi walichinjwa. Yeye akakatwa sikio, akaachiwa baada ya kulipiwa fidia. Ndugu yangu, mtu aliyepitia hayo unamtisha na nini tena?

Sasa Otto alikuwa kijana wa Bavaria, huko Ujerumani, aliletwa na mataifa makubwa mwaka 1833, anatawala bila katiba. Usiku wa kuamkia 3 Septemba 1843, askari wa serikali waliizingira nyumba ya Makriyannis, mmoja wa waliopanga njama ya kumlazimisha mfalme atoe katiba, na mpango ukawa unaelekea kuharibika. Kallergis, kamanda wa wapanda farasi, hakungoja. Akatoa vikosi kambini hadi mbele ya ikulu, wananchi nyuma yao wakidai katiba. Otto akasalimu amri, na katiba ikatoka 1844. Uwanja ule hadi leo unaitwa Syntagma, yaani Katiba.

Shukrani? Mwaka 1845 Kallergis alikuwa uhamishoni. Alirudi kuwa waziri wa vita 1854, meli za Uingereza na Ufaransa zikiwa zimeikalia Piraeus, bandari ya Athens, na kwa kushika cheo chini ya kivuli cha wageni, hapo ndipo mimi namtilia shaka kidogo.