Kwenu mabinti mnaoanza kriketi: kazi ya nahodha haiishii uwanjani

Wanangu, kila nikiwauliza wachezaji wapya nahodha anafanya nini, jibu ni lile lile: anapanga nani asimame wapi na nani arushe mpira. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi ya saa chache. Mtazameni Rachael Heyhoe Flint wa Wolverhampton, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa nahodha wa wanawake wa England tangu 1966. Aliongoza mechi 12 za Test, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, bila kupoteza hata moja. Hata hivyo, mimi namheshimu zaidi kwa aliyoyafanya akiwa hana pedi miguuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na Kombe la Dunia la kriketi, la wanaume wala la wanawake. Rachael akashirikiana na Jack Hayward, tajiri wa mji wake, ambaye alitoa pauni 40,000, na mwaka 1973 kombe likachezwa Uingereza. La wanaume lilikuja miaka miwili baadaye! Nchi zenye timu zilikuwa chache, kwa hiyo wakaijumuisha timu ya vijana wa England na nyingine ya wachezaji waliochanganywa kutoka mataifa mbalimbali, hadi zikatimia timu 7. Mechi ya kwanza ikaharibiwa na mvua kabla hata mpira mmoja haujarushwa. Mashindano yakaendelea, na siku ya mwisho, pale uwanja wa Edgbaston, England wakapata mikimbio 279 kwa wiketi 3, yaani wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa. Enid Bakewell alipiga 118, Rachael 64, na Australia wakafungwa kwa tofauti ya mikimbio 92.

Kwa hiyo mkiambiwa hakuna ligi ya wasichana, hesabuni kwanza mko wangapi, kisha mtafuteni mwenye gari, mwenye uwanja, mwenye duka. Ombeni kitu kinachotajika: mipira kadhaa, nauli ya timu moja. Ombi la jumla jumla hupata ahadi ya jumla jumla.

Jifunzeni pia kusimama. Mwaka 1976, uwanjani The Oval, England wakiwa hatarini kushindwa na Australia, Rachael alipiga kwa zaidi ya saa 8, akafikisha 179 na kuiokoa mechi. Subira ya namna hiyo haiji siku ya mechi. Inajengwa mazoezini, kwa kuuacha mpira usiostahili kupigwa, tena na tena, hata wenzako wakichoka kukutazama.

Mwaka 1977 alivuliwa unahodha. Naona hapa ndipo wengi wetu tungeondoka kwa hasira, lakini yeye alirudi kuichezea England chini ya nahodha mwingine, hadi Kombe la Dunia la 1982 kule New Zealand.

Na suala la Lord's, uwanja mashuhuri wa kriketi wa London: wanawake walicheza hapo kwa mara ya kwanza Agosti 1976, yeye akiwa nahodha. Klabu ya MCC, wenye uwanja huo, ilikubali wanachama wanawake mwaka 1998 tu, baada ya yeye kuidai nafasi hiyo kwa miaka. Mwaka 2004 akaingia kwenye kamati yake kuu.

Alikuwa pia mwandishi wa habari za michezo, akihakikisha kriketi ya wanawake inasomwa. Basi mechi yenu ya Jumamosi ikiisha, andikeni matokeo, majina na mikimbio, myapeleke redio ya mtaani kwenu jioni ile ile.