Ukisafiri Ufilipino msimu wa mvua, weka siku moja ya akiba

Dawa za sukari za bibi zilikuwa chini kabisa, chini ya mabegi ya watu kumi na mmoja. Ilikuwa saa nne usiku, mvua inamwagika, haisi imesimama kwenye barabara ya Halsema huko mkoa wa Benguet, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Mbele yetu mlima ulikuwa umeshuka barabarani. Nyuma yetu, mwendo wa kama kilomita mbili, ulikuwa umeshuka tena baada ya sisi kupita. Nilitoka nimeing'ata simu inayomulika, nikaanza kushusha begi moja moja kwenye matope, huku mke wangu akinishikia mwavuli ambao upepo ulikuwa umeshaugeuza. Dawa nilizipata kwenye begi la tisa.

Tukalala pale pale, tumeketi. Kulipokucha, akina mama wa nyumba za juu ya barabara walishuka na sufuria ya viazi vitamu vya kuchemsha na birika la kahawa. Waligonga kioo cha gari hili na lile mpaka kila mtoto akapata. Hakuna aliyeumia, na njia ilifunguliwa alasiri.

Ninaishi Los Baños, kusini mwa Manila, huu mwaka wa tano. Kazi yangu ni mbegu za mpunga. Bibi ninayemsema ni mama wa mwenye nyumba wetu, na wanangu wanamwita Lola kama wanavyomwita wajukuu wake wa damu. Mkwe wake mmoja ametokea Ifugao, mkoa wa milimani kaskazini mwa Luzon, na kila Julai, kipindi cha mavuno kule, familia nzima hujazana garini kwenda kwao. Siku hizi na sisi tumo. Kwa hiyo Watanzania na Wakenya wanaokuja kusoma huku wakiniuliza kama wasafiri sasa au wasubiri kiangazi, nawaambia wasafiri. Ila wasiende kama tulivyokwenda sisi mwaka ule wa kwanza.

Nimelifikiria sana kosa letu. Gari lilikuwa zima, tairi mpya, dereva mzoefu wa milima. Tatizo lilikuwa Jumatatu. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kazini mpaka Jumapili, chumba kilishalipiwa, na wenyeji walishachinja. Mvua ilipozidi baada ya mji wa Baguio, kila mmoja wetu moyoni alitaka turudi na hakuna aliyefungua mdomo. Wafilipino wana neno, *hiya*, ile haya inayomfanya mtu asimharibie mwenzake shughuli. Mswahili hahitaji kufundishwa maana yake. Mimi mgeni nilinyamaza nisionekane mwoga. Lola alinyamaza asionekane mzigo. Dereva alinyamaza kwa sababu sisi ndio tuliomlipa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu koti la mvua. Kabla hamjawasha gari, ongezeni siku moja kwenye safari, siku isiyo na mpango wowote, na iombeeni ruhusa kazini kabisa. Kisha mkae wote, pamoja na dereva, mkubaliane mbele ya mkubwa wa familia kwamba neno la dereva kuhusu kusimama au kurudi ndilo la mwisho. Na ile siku ya akiba mlipeni kabla ya kuondoka. Hili la mwisho ndilo lililobadilisha kila kitu kwetu. Dereva ambaye hapotezi chochote akigeuza gari atakuambia ukweli. Asiyejua kama siku ya ziada atalipwa atakupeleka mpaka kwenye maporomoko, akiomba Mungu kimoyomoyo.

Mkimwuliza, angalieni mnavyouliza. Ukisema, "Manong, tunaweza kuendelea?" jibu litakuwa ndiyo, kwa heshima. (*Manong* ni kaka mkubwa kwa watu wa kaskazini, dereva aliyekuzidi umri muite hivyo.) Mimi siku hizi namwuliza: "Manong, kama wangekuwa wanao humu ndani, ungefanyaje?" Hapo hunyamaza kidogo, halafu hujibu kama baba.

Sasa mvua yenyewe. Mtu wa Pwani ataelewa upesi: sisi tuna kusi na kaskazi, wao wana *habagat* na *amihan*, na miezi inakaribiana. Habagat hutoka kusini-magharibi, kuanzia kama Juni hadi Oktoba, na ndiyo inayoloanisha Manila na upande wote wa magharibi wa Luzon. Katikati ya hayo hupita vimbunga. Kwa wastani vimbunga kama ishirini huingia kila mwaka katika eneo la bahari linaloangaliwa na PAGASA, idara ya hali ya hewa ya huku.

Wageni wengi hukosea hapa, na mimi nilikosea. PAGASA hutangaza ishara za upepo wa kimbunga, namba 1 hadi 5. Mgeni akiona mkoa anaokwenda hauna ishara yoyote, anafunga begi. Lakini zile namba ni za upepo. Kimbunga kinaweza kupita mbali, kisiguse nchi kavu, na bado kikaivuta habagat ikamwaga mvua siku tatu mfululizo. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 2012, na tena Julai 2024, wakati kimbunga walichokiita Carina kilipopita kaskazini bila kutua Ufilipino na Manila ikazama. Kwa hiyo fuatilia tangazo la pili, lile la rangi. Njano ni mvua ya milimita 7.5 hadi 15 kwa saa moja, chungwa ni 15 hadi 30, nyekundu ni zaidi ya 30. Kwetu sheria ni nyepesi: njano tunaendelea polepole, chungwa hatuanzi kupanda mlima, nyekundu tunabaki tulipo hata kama tupo kituo cha mafuta. Tena angalia imenyesha kiasi gani siku mbili zilizopita. Mlima uliokwisha kunywa maji hushuka hata jua likiwaka.

Kuhusu Baguio hasa, usiidharau kwa sababu ni mji wa mapumziko wenye misonobari na baridi tamu. Uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai 1911 ilinyesha pale milimita 1,168 kwa saa 24. Dar es Salaam hupata kiasi hicho kwa mwaka mzima. Njia kuu za kupanda ni tatu: Kennon, Marcos na Naguilian. Kennon ndiyo fupi, inapita bondeni kando ya mto, ina mandhari ambayo watoto watataka kupiga picha, na ndiyo hufungwa mara kwa mara mvua ikikolea kwa sababu ya mawe yanayoanguka. Usibishane na askari aliyeweka kizuizi. Marcos ni pana zaidi, ukungu wake mzito, lakini malori na mabasi hupita huko. Anayekwenda Banaue, mji wa huko Ifugao, moja kwa moja kutoka Manila halazimiki kupitia Baguio. Ipo njia ya Nueva Ecija na Nueva Vizcaya. Sisi hupitia Baguio kwa sababu mjukuu mmoja anasoma huko na lazima achukuliwe.

Tunaondoka saa tisa usiku. Kule milimani, siku nyingi mvua huanza mchana au alasiri, kwa hiyo saa sita mchana ikukute umeshafika au umeshaamua kutofika. Ukiondoka usiku unaivuka Manila pia kabla foleni na ile kanuni ya kuzuia magari kwa tarakimu ya mwisho ya namba hazijaanza. Stika za kulipia tozo kwenye barabara za kasi ziwe na salio la kutosha. Na kama utaendesha mwenyewe, kumbuka huku tunapita kulia. Leseni ya kwenu inakubalika siku 90 tangu uingie nchini. Kwa kweli, mtu aliyezoea kupita kushoto asijifunzie kulia kwenye mlima wenye ukungu. Kodi gari na dereva wake.

Maji barabarani yana vipimo vyake, na kila mtu wa Manila anavijua: kimo cha ukingo wa barabara ni kama sentimita 20, na nusu ya tairi ni kama 33. Yakifika nusu ya tairi, mamlaka ya barabara za Manila huhesabu kwamba gari dogo halipiti. Usimfuate dereva wa jipni, daladala ya huku, anayepita, jipni imeinuka na yeye anajua mashimo yalipo. Tafuta kitu cha kupimia, ukingo au tairi la gari lililoegeshwa, na kama huoni ukingo, geuza. Injini ikinywa maji, bima ya kawaida inaweza isilipe. Huku kuna nyongeza ya majanga ya asili ambayo inabidi uinunue waziwazi, na ukikodi gari uliza kama ipo, uonyeshwe karatasi.

Watoto wasicheze kwenye maji ya mafuriko. Ugonjwa ambao sisi Watanzania tuliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, huku hurudi kila msimu wa mvua, na chanzo kikubwa ni mkojo wa panya ndani ya maji hayo. Mwenye kidonda mguuni akiyakanyaga, aende akamwone daktari siku hiyo hiyo, asingoje homa.

Safari ya visiwani na feri nitaigusa tu: ishara ya upepo ikipandishwa, walinzi wa pwani huzuia vyombo kutoka, na unaweza kukaa bandarini siku mbili. Pale siku moja ya akiba haitoshi.

Ndani ya gari, dawa za kila mtu sasa ziko kwenye mfuko mmoja mwekundu, na mfuko huo anaupakata mtu, hauingii buti. Hapo pia kuna tochi ya kweli, maji ya kunywa na nguo moja kavu ya kila mtoto. Chakula tunagawana. Mke wangu hupika chapati usiku wa kuamkia safari. Lola huleta adobo, nyama iliyopikwa kwa siki na soya, ambayo haiharibiki upesi, na chupa ya *salabat*, chai ya tangawizi. Hakuna dawa ya kichefuchefu cha kona iliyowasaidia wanangu kama salabat hiyo, wakinywa kidogo kidogo.

Mwaka uliofuata tulikwenda hivyo. Kennon ilikuwa imefungwa, tukapanda kwa Marcos, tukalala Baguio. Asubuhi tangazo lilikuwa la njano, tukaingia Halsema. Baada ya saa moja hivi Manong alisimamisha gari kando, akashuka. Nilishuka naye. Akanionyesha maji yaliyokuwa yakitoka kwenye ukuta wa mlima: rangi ya chai ya maziwa, wakati nyuma tulikopita yalikuwa meupe. Kwenye lami palikuwa na vijiwe kama ngumi, vichache, vibichi, bado vina udongo. Aligusa kimoja kwa kiatu, akapanda garini, akasema tunarudi. Hakuna aliyemwuliza. Lola alisema, "Sige," yaani haya, na swali lake lililofuata lilikuwa tutapata wapi kuku.

Siku ile ya akiba tuliimalizia jikoni Baguio, mvua ikipiga bati. Lola alipika *arroz caldo*, uji mzito wa wali na kuku wenye tangawizi nyingi, akamwaga juu vitunguu saumu vilivyokaangwa vikawa vya kahawia. Akawa anawasimulia watoto habari za kimbunga Ondoy cha Septemba 2009, jinsi ziwa la Laguna lilivyofurika na watu wa kando yake wakaendelea kuishi na maji majumbani kwa wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Nimekaa naye miaka, sikuwahi kumsikia akiyasema hayo. Binti yangu aliacha kula akabaki anamtazama.

Keshokutwa yake asubuhi, barabara ikiwa wazi na anga safi, tulifika. Watoto walishuka wakachukua mkono wa babu mwenyeji na kuugusisha kwenye vipaji vya nyuso zao, kama wanavyoamkia wakubwa huku. Yule wangu mdogo akaongeza shikamoo kwa mazoea. Barazani, *tinawon*, mpunga wao wa mara moja kwa mwaka, ulikuwa umefungwa mafungu mafungu ya masuke yaliyovunwa kwa mkono, suke moja moja. Babu alinipa fungu nilishike. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na bado lina joto la jua la asubuhi ile. Tulikuwa hatujamaliza kahawa mvua ilipoanza tena, na wote, pamoja na Manong, tukasimama kumsaidia kuyaingiza ndani.