Jibu: Android ni ya bure, hela inatoka wapi?
Mkuu, umeuliza mwenye Android, ule mfumo unaoendesha simu, anakula wapi ikiwa msimbo wake (maandishi yanayounda programu) kila mtu anauchukua bure. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara. Juzi mzee mmoja wa Mikindani kaniletea simu yenye Android tupu: inawaka, inapiga, ila Play Store hamna, ramani hamna. Biashara iko hapohapo. Msimbo ni wa wote, lakini programu zile ni za Google, na mtengenezaji hazipati bila leseni. Zikishaingia, Google inavuna matangazo na kamisheni ya duka lake la programu, Play Store.

Wenye mifumo mingine ya simu njia zao tofauti: kampuni ya Murena inauza simu zenye mfumo wa /e/OS, kampuni ya Jolla ya Ufini inauza leseni za mfumo wake wa Sailfish. Mfumo mwingine, Firefox OS, uliingia sokoni 2013, haukudumu. Msimbo wake ndio ukazaa KaiOS, mfumo wa simu za vitufe.