Uliza Bei Kabla Hujakaa

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja, anasema ameanza kazi huko Upper Hill miezi miwili imepita, na wenzake wa ofisi wamefungua grupu ya WhatsApp ya bathdei ya mmoja wao, Ijumaa jioni, mahali fulani Kilimani. Kila mtu ashaandika "niko ndani" isipokuwa yeye. Sasa anauliza, "Kaka, nifanyeje nisionekane mkono birika na pia nisikunywe strungi hadi end mwezi?" Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka juu nilikumbuka yangu, na yangu bado inauma, wacha nisidanganye.

Ilikuwa Jumamosi, Julai 2024, ile baridi ya Nairobi ya kuvaa jaketi ndani ya nyumba. Kama ulikuwa hapa unakumbuka venye mji ulikuwa. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, ulikuwa umeingiza vijana barabarani, Juni 25 wakaingia hadi Bunge, wengine hawakurudi nyumbani siku hiyo, Mungu awalaze pema, na kesho yake Rais akasema hatausaini. Kila mahali ungekaa, kinyozi, ndani ya mathree, foleni ya choo, stori ilikuwa moja. Na sisi wote tulikuwa tumegeuka wataalamu wa ushuru. Mimi ambaye sijawahi kusoma hata masharti ya mkopo wangu nilikuwa nasoma vifungu kwa simu nikienda job, VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ile walitoa hata kabla ya kura ya wabunge, ushuru wa gari wa asilimia 2.5, na sina gari, zote nilikuwa nazo kwa kichwa. Shika hiyo stori ya ushuru hapo, nitairudia.

Beshte yangu wa siku nyingi akanipigia, ati kuna dem wa ofisi yao anafanya bathdei Westlands, twende, watu wazuri, unaweza pata hata koneksheni ya kazi. Hiyo neno koneksheni ndiyo ilinimaliza. Nani Nairobi hatafuti koneksheni? Nikapiga pasi shati, nikavaa viatu vya interview.

Hakuna mahali kwa hizo simu tulizungumza pesa. Hata mara moja.

Tulifika tukiwa kumi na moja. Mahali penyewe taa ziko chini hadi unatumia tochi ya simu kusoma menyu, na nilipomulika nikaona wings ni 1,200. Kwa M-Pesa nilikuwa na 2,600, na mfukoni noti moja ya mia ya kunirudisha Umoja. Nikapiga hesabu haraka, wings na soda ya 250, hiyo ni 1,450, niko salama, hata nitabaki na ya kununua unga. Nikaagiza nikijiona mjanja. Wengine wakaagiza mbavu, samaki mzima, sahani za kushare ambazo mimi sikuzigusa, na vinywaji vya rangi ya dawa ya kikohozi vyenye kipande cha nanasi juu. Beshte yangu alikunywa viwili. Nilihesabu. Najua si vizuri kuhesabu vinywaji vya mtu lakini nilihesabu.

Saa tatu hivi akaniinamia kwa sikio, ati amepigiwa simu ya dharura, "nisaidie na yangu, nitakutumia kesho asubuhi", akatoka na mwingine mmoja. Tukabaki tisa.

Bili ikaja kwa kasanduku kadogo ka mbao, kama pete ya uchumba. 44,550. Mwenye bathdei akaangalia akasema kwa sauti tamu kabisa, "guys, tugawe tu sawa, si ndio rahisi?" Na watu wakasema ndio. Elfu nne mia tisa hamsini kila mtu. Mimi wa wings.

Hapo ndipo mtaalamu wa ushuru akaamka ndani yangu. Nikachukua risiti nikaona VAT asilimia 16, chini yake ile levi ya asilimia 2 ya mambo ya hoteli na utalii, na nikasimama, nakwambia nilisimama, nikaita weita nikamuuliza ni kwa nini wametuongezea ushuru juu ya bei ya menyu, kwani hawaoni nchi inaendaje. Meza ya kando ikageuka. Yule weita, kijana mpole sana, akatoa kalamu akaniwekea risiti karibu na mshumaa, akaniambia taratibu, "Boss, hizi mbili ziko ndani ya bei tayari, hapa zinaonyeshwa tu." Akashusha kalamu hadi mstari mwingine. "Iliyoongezwa ni hii." Savisi chaji asilimia 10, 4,050, na kweli ilikuwa imeandikwa kwa menyu, pale chini kabisa, kwa herufi za miguu ya siafu. Nikakaa. Hakuna mtu alicheka, na afadhali wangecheka.

Nikalipa. 2,600 zote, na 2,350 nikafuliza, ile deni ya M-Pesa, nikiangalia ukuta wakati nabonyeza PIN. Nikatembea kutoka Westlands hadi tao, Museum Hill naiona imekaa hapo na magari ya Expressway yanapita juu ya kichwa changu, juu ile mia singeweza kuikata mara mbili. Usifanye hivyo usiku, kwanza. Nililala saa saba. Na kesho asubuhi hakuna kitu kilitumwa. Wiki hiyo mathe akanitumia mia tano ya kununua gesi na Fuliza ikaimeza kabla hata sijamaliza kusoma meseji, wale wanajua wanajua.

Sasa kijana wangu, nisikilize. Uliza bei kabla hujakaa. Andika hapo kwa grupu, mbele ya watu wote, "wasee, mahali ni bei gani na tunalipa aje, kila mtu yake ama tunagawa?" Hutakufa. Utaona kimya kama dakika tano, halafu kuna mtu atasema "hata mimi nilikuwa nataka kuuliza". Huyo mtu huwa yuko, ni vile tu anaogopa kama wewe.

Na ujue kuuliza bei si ushamba. Hii ndiyo kitu nimekuja kuelewa polepole, na nimeielewa nikiwa kwa kibanda. Mahali nakula lunch sai ni kibanda kimoja karibu na job, mabati tatu na benchi mbili, na ukifika pale kitu ya kwanza kutoka mdomoni ni pesa. "Mathe nipe chapo mbili na madondo ya hamsini." Si ati nipe madondo, yaani maharagwe, ni madondo ya hamsini. Anachota mara moja kwa ule upawa wake umepinda mkono, anatingisha kidogo, anakuongezea supu bila kuulizwa, na mkono mwingine unageuza chapati ingine kwa moto. Ukisema ya thelathini anachota ya thelathini na hakuangalii vibaya. Wa mjengoni, wa benki, makanga, wote tunakaa hiyo benchi moja na kila mtu ametaja uwezo wake kwa sauti, na hakuna mtu amewahi kuaibika.

Hata nyama choma ni hivyo hivyo. Enda Burma ama Kenyatta Market ama Kariokor, unasimama mbele ya nyama ikining'inia, unaonyesha mbavu, unasema kilo moja ama nusu, inakatwa ukiona, inawekwa kwa mizani, unaambiwa bei, mnabishana kidogo, ndipo iende kwa makaa. Ikirudi kwa ubao na ugali na kachumbari unajua kila kipande ni cha pesa ngapi. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Sasa sisi tukivuka tu Museum Hill tunaanza kuona bei ni matusi, tunakula kwanza halafu tunaenda kushtukia kwa kasanduku.

Na Nairobi hii hakuna mtu atakuonea huruma, niamini. Tarehe 14 ikifika jioni EPRA, ile mamlaka ya kawi, watangaze bei ya mafuta, yakipanda, makanga atakupandishia nauli asubuhi bila hata kukuambia pole, na ukimuuliza kwa nini mafuta ikishuka nauli haishuki atakuangalia kama umemtusi. Mshahara wako ushakatwa levi ya nyumba asilimia 1.5, SHIF ya matibabu 2.75, kabla hujauona. Halafu kinachobaki ndio unataka kugawana na mtu alikunywa vinywaji viwili vya nanasi? Mimi nakataa. Wewe pia ukatae. Kama hawataki kusema bei, pitia tu dakika kumi na keki ya mia mbili, imba hapi bathdei, toka. Kama unaenda, soma menyu hadi ile mistari ya chini, uliza kama kuna savisi chaji, na wakati wa kuagiza mwambie weita mapema, tena ukitabasamu, "yangu weka bili yake." Mapema. Ukingoja kasanduku umechelewa, na usisimame kuhutubia watu kuhusu VAT.

Koneksheni, kwa wale mnauliza, sikupata. Sijui hata kama kuna mtu kwa ile meza alishika jina langu.

Beshte yangu tulipatana tena wiki mbili zimepita pale Archives, watu wakisukumana kama kawaida, akanikumbatia kabisa, ati nimepotea, ati tupange siku moja tukule. Hakutaja kitu na mimi sikutaja. Nikamwambia sawa, lakini safari hii mahali nachagua mimi. Nilipofika kazini nikamtumia lokesheni ya kibanda, nikaandika na chini, "chapo ni 20, madondo ya hamsini, kila mtu yake."

Tiki mbili za bluu tangu siku ile.