Tununue programu au tuanze na daftari? Swali kutoka ofisi ya maji

SWALI: Assalaam alaykum bwana injinia. Mimi nipo kitengo cha uendeshaji kwenye ofisi ya maji ya mji, huu mwaka wangu wa pili tokea nimalize chuo. Bosi wetu karudi semina anataka tuwe na mfumo wa kisasa wa uendeshaji. Wauzaji wa programu washakuja mara mbili kutuonesha, na wapo wanaosema tutafute cheti cha ISO (lile shirika la kimataifa la viwango) kwanza. Huku pampu zinafanya kazi karibu siku nzima, watu wanalalamika maji hayafiki na makusanyo hayapandi. Tuanzie wapi? Na hizi mita za kulipia kabla kama Tukuza ya umeme zitatusaidia? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Umesema pampu zinafanya kazi karibu siku nzima. Umejuaje? Sikubezi, nakuuliza kweli, manake jawabu lote limekaa hapo.

Niliwahi kuitwa ofisi moja, jina nalihifadhi, walikuwa washanunua programu ya pesa nyingi, skrini kubwa ukutani, michoro ya rangi rangi, mgeni akija anapelekwa pale kwanza. Nikaomba nilione daftari la kijana anaeendesha pampu. Likaletwa, limelowa chai pembeni, nikafungua: pampu namba 3, saa 18, saa 18, saa 18, mwezi mzima saa 18, kalamu moja wino mmoja, hata ile siku ambayo mji wote ulikuwa kiza tokea alfajiri mpaka magharibi nayo imeandikwa saa 18. Nikamfata yule kijana kwenye kibanda chake kumbe saa ya ukutani imekufa betri siku nyingi, na katika miaka minne aliyokuwa pale hakuna hata mtu mmoja aliewahi kumuuliza kitu kuhusu alichoandika, sasa angehangaika kwa ajili ya nani? Na ile programu inazichukua hizo 18 zake inazichorea mchoro mzuri wa bluu.

Basi ndo maana nakwambia mfumo wa uendeshaji si kompyuta. Mfumo ni kwamba kuna kitu kinapimwa, kuna mtu anakipima kwa jina lake, kuna mwengine analiangalia lile jawabu, kuna anaeamua, halafu wiki ya pili kuna anaerudi kuuliza ulisema utafanya, umefanya? Hiyo kamba ikikatika popote pale huna mfumo, una mapambo.

Anza na maji yanayotoka kisimani. Kama kila kisima kina mita kubwa na inafanya kazi basi mmebarikiwa, kama hakuna usisubiri bajeti, nenda kwenye tangi. Chukua mfano tangi lina urefu mita 6 na upana mita 5, funga maji yanayotoka, acha pampu iingize saa moja, pima na rula yamepanda kiasi gani. Yakipanda sentimita 40 hizo ni yuniti 12 kwa saa (yuniti moja ya maji si unajua, lita 1,000). Pampu ikienda saa 18 za kweli, sio zile za daftari, unapata yuniti 216 kwa siku, kwa siku 30 ni 6,480. Sasa nenda kwa watu wa bili uwaulize eneo linalolishwa na kisima kile mwezi ule mlitoza yuniti ngapi. Wakikwambia 3,900 basi yuniti 2,580 hujui zimekwenda wapi, kama 40 katika kila 100.

Hapo kwa watu wa bili ndo wengi wanakwama, manake watakwambia hatuna kwa kisima, tunayo kwa shehia. Na shehia ni nzuri, mteja anaijua, sheha anamjua mteja, fundi akiambiwa shehia hapotei, lakini maji hayaijui shehia, yanafata bomba. Utakuta shehia moja upande huu inakula kisima kile na upande wa pili kisima chengine. Kwa hivo kila namba ya mteja iongezewe alama ya kisima au tangi analolishwa nalo, shehia ibaki vilevile. Ni kazi ya kuchosha, ya kutembea na fundi mkongwe anaeijua kila valvu ilipozikwa, na nakusihi muifanye kabla hajastaafu, sababu ofisi nyingi ramani ya mabomba imo kichwani mwa wazee wawili watatu tu na wakiondoka wanaondoka nayo.

Kwetu visiwani jambo hili ni zaidi ya pesa. Hatuna mto wa kutegemea kama bara, maji yetu ni ya chini ya ardhi, chemchem na visima, mwamba wenyewe chokaa na matumbawe. Hata sultani wetu wa zamani Sayyid Barghash enzi zake (1870 mpaka 1888) alipoupelekea mji maji ya bomba aliyatoa kwenye chemchem ya Bububu. Sasa bomba likivuja unalazimika kuvuta zaidi, na karibu na pwani ukivuta zaidi bahari inaingia kisimani, na kisima kikishaingia chumvi si leo si kesho kurudi utamu wake. Kwa hivo kwenye daftari la pampu weka safu ya chumvi, kipimo chake cha mkononi wala si ghali, kikipanda wiki tatu mfululizo punguza masaa kabla hamjaanza kusikia kelele za watu.

Haya, zile 2,580. Zimegawika mafungu mawili makubwa, yaliyovuja chini na yaliyotumika bila kutozwa (mita mbovu, mita iliyochakaa inasoma kidogo, bomba la kificho, msomaji mita aliyekaa barazani akakisia). Vitabu vitakwambia pima mtiririko wa usiku, saa 8 mpaka saa 10, watu wamelala, kinachopita ni uvujaji. Ni kweli ila tahadhari, vile vitabu vimeandikwa kwa miji ambayo maji yanatoka masaa 24. Sisi wenye mgao kila nyumba ina tangi juu ya dari, maji yakifunguliwa usiku matangi yote yanajaa, boya halijafunga, utadhani mji mzima unavuja kumbe watu wanajihifadhia. Chagua eneo dogo, wape maji mfululizo siku mbili mpaka matangi yashibe, halafu ndo upime. Au ombeni watu wafunge koki ya mita nusu saa tu, mkipita na sheha mapema wanakubali. Jengine la mgao, bomba likiwa tupu linajaa hewa, maji yakirudi ile hewa inasukumwa mbele na mita inazunguka, kwa hivo mteja akikwambia mita yangu inakimbia na mferejini hakutoki kitu usimfukuze, huenda anasema kweli.

Sasa malalamiko. Simu moja inakuja kwa mapokezi, nyengine kwa WhatsApp ya fundi, nyengine kamkuta bosi msikitini. Zote zipewe namba na zikae mahali pamoja, na kila namba iandikwe saa ilipoingia, saa fundi alipofika, saa maji yalipoacha kuvuja. Hizo saa tatu tu. Mimi nilizipanga ivo kwenye ofisi moja, bosi anaamini mafundi wavivu, kuna uvujaji ulichukua siku tisa. Tulipoangalia, fundi alifika siku ileile ya kwanza, na kazi yenyewe ilipofanyika ilikuwa masaa mawili. Siku nane zote kapling moja (kiungo cha bomba) ilikuwa inasubiri sahihi, manake mwenye idhini ya stoo kasafiri. Ukichukua lita moja tu kwa sekunde, na pale ilikuwa inazidi, ni lita 86,400 kwa siku, kwa siku nane inakaribia yuniti 700, watoto wanaogelea barabarani na sisi tunaandika barua. Dawa yake haikuwa programu wala semina, ilikuwa sanduku la chuma kwenye gari ya fundi lenye kapling za saizi zinazotumika sana, linahesabiwa na kujazwa kila Ijumaa. Na pale panapovuja mara tatu ndani ya miezi michache acheni kuziba, lile bomba limechoka, libadilisheni.

Umeme. Hichi kipimo nakipenda kwa sababu hakidanganyi: yuniti ngapi za umeme kwa yuniti moja ya maji. Bili ya umeme unayo, maji umeshayapima, gawanya. Kupandisha yuniti moja ya maji mita 60 juu kungetaka umeme kama yuniti 0.16 lau pampu isingepoteza chochote, chukulia pampu na mota yake pamoja zinapoteza nusu, basi iwe kama 0.33. Ukipata 0.8 kuna kitu, ama pampu imelika ndani, ama valvu imefungwa nusu na aliyeifunga kasahau, ama bomba limevuja hapohapo mlangoni. Na masaa ya jenereta yaandikwe mbali, wenye umri wetu tunakumbuka waya wa umeme wa baharini ulivyoharibika Disemba 2009, Unguja tukakaa kiza mpaka Machi 2010, asiekuwa na jenereta hakupampu.

Kuhusu ISO, ziko tatu mahsusi kwa kazi hizi, 24510 ya huduma kwa mteja, 24511 ya majitaka na 24512 ya maji safi, zote zilitoka kwanza 2007. Hizo ni miongozo ya kusoma, si za kupewa cheti. Ya cheti ni kama 9001 ya ubora, 50001 ya nishati au 55001 ya mali na mitambo. Someni 24512, inafaa, lakini cheti mwaka huu mimi nisingekikimbilia, kabla hamjawa na namba za kweli mtaandika taratibu nzuri za kazi ambayo haifanyiki. Ukitaka mfano wa kumuonesha bosi mpe Phnom Penh kule Kambodia: 1993 maji yaliyopotea yalikuwa 72 katika 100, miaka kumi na kitu baadae yakashuka chini ya 10. Walimfungia mita kila mteja, wakawabana wakubwa waliokuwa hawalipi sawasawa na mnyonge, na wafanyakazi wazuri wakazawadiwa, wabovu wakaadhibiwa. Mkurugenzi wao Ek Sonn Chan akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay 2006.

Programu nunueni pale mkiwa mmeshaweza kuzilinganisha namba za kisima na za bili miezi mitatu mfululizo kwenye Ekseli ya kawaida. Muuzaji akija muulizeni mawili tu: mtandao ukikatika msomaji mita anaendelea na kazi? Na tukiachana na nyinyi data zetu tunaondoka nazo? Akianza kuzunguka zunguka mpeni chai aende.

Mita za kulipia kabla zinatibu ugonjwa mmoja, mteja anaetozwa na halipi. Hazizibi bomba, hazimfichui aliyejiunganisha usiku, na penye mgao ile hewa niliyokwambia itamla mteja pesa yake aliyokwisha kulipa, hapo ndo utajua watu wa Pemba wana maneno. Kwa hivo kabla ya kuziagiza gawa hasara yako yote mafungu matatu, kiasi gani kimevuja, kiasi gani hakikutozwa, kiasi gani kimetozwa hakijalipwa. Likiwa kubwa fungu hili la mwisho agizeni, anzeni na maofisi na mahoteli. Likiwa kubwa la mwanzo pesa hiyo nunueni mabomba.