Selimundu imenifanya fundi asiyesema "njoo kesho"

Niweke jambo moja wazi kabla sijaendelea: selimundu si baraka. Mtu aliyekesha akiuma pindo la kanga kwa maumivu ya mfupa wa paja haambiwi ashukuru, na ukimwambia akakujibu vibaya usimlaumu. Lakini nimeishi na ugonjwa huu tangu utotoni, sasa ni mama na nina cherehani zangu hapa Mwanza, na yapo mambo mazuri maishani mwangu ambayo nisingeyapata kama mwili wangu usingenibana. Nayaandika kwa ajili yako uliyeambiwa juzi kwamba mwanao anao, na kwa ajili yako kijana unayeona milango yote imefungwa.

Kwa ufupi, kwa asiyejua: seli nyekundu za damu kwetu hugeuka umbo la mundu, zinakuwa ngumu, zinanasa kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Tena hazidumu. Seli ya mtu mwingine huishi siku kama 120. Ya kwetu huishi kati ya siku 10 na 20 hivi. Ndiyo maana damu yetu ni pungufu kila siku na macho huwa ya njano. Baridi, kiu, uchovu, malaria, kwa wanawake wengine hata siku za mwezi, vyote vinaweza kukulaza.

Sasa nirudi kwenye cherehani.

Fundi wa nguo mnamjua. "Njoo kesho." "Bado vifungo tu." "Umeme ulikatika." Kesho ukifika, kitambaa chako hata hakijaguswa, kimekunjwa kwenye mfuko uleule ulioleta nacho. Fundi mwenye afya anaweza kuishi hivyo maana anajua usiku wa mwisho atakesha na kazi itaisha. Mimi kukesha kwenyewe ndiko kunakonipeleka hospitali. Kwa hiyo tangu nianze kushona, kazi ikiingia leo inakatwa leo au kesho asubuhi, hata kama itashonwa baada ya wiki mbili. Kila nguo iliyokatwa naifunga kivyake pamoja na uzi wake, zipu yake na vifungo vyake, na juu naibana kwa pini karatasi ya vipimo yenye mchoro wa mshono. Nikizidiwa usiku, binti anayenisaidia akifungua kile kifurushi asubuhi hana sababu ya kunipigia simu wodini kuuliza mkono ulikuwa mrefu au mfupi. Na tarehe ninayomtajia mteja nimeshaitilia siku za kuumwa ndani yake. Nisipoumwa, nguo inakamilika mapema na mteja anashangaa.

Hivi ndivyo nilivyopata jina. Wanaoleta sare za shule za Januari, wenye harusi, kwaya za kanisani, wote wanasema "yule dada ni mwaminifu". Uaminifu gani jamani! Ni hofu ya kulazwa. Lakini ndiyo inayonilisha, na sidhani ningekuwa na utaratibu huu kama ningekuwa mzima. Najijua, mimi kwa asili ni mtu wa kuahirisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, nao ndio mkubwa kuliko yote: panga kazi yako kana kwamba kuanzia kesho hutakuwepo kwa siku tatu. Mwanafunzi asingoje wiki ya mtihani ndipo aanze kusoma. Mwenye duka aandike bei na madeni mahali ambapo mtu mwingine atayaona. Utaanza kwa sababu ya ugonjwa, kisha utaona hata wiki za uzima zimekuwa nyepesi.

La pili ni daftari. Kuna usiku mmoja nilifika mapokezi ya hospitali siwezi kusimama, na muuguzi wa zamu akaniangalia akasema hawa wa sindano wameanza tena. Aliamini nimezoea dawa ya maumivu na naigiza. Wenzangu wengi wamepitia hayo. Kubishana ukiwa na maumivu ni kazi bure, kwa hiyo sasa nina daftari dogo kwenye pochi. Ukurasa wa kwanza: SS (yaani nina vinasaba viwili vya selimundu, kimoja cha baba na kimoja cha mama), kundi langu la damu, kiwango changu cha damu cha kawaida, dawa ninazomeza, dawa inayonidhuru, dawa ya maumivu iliyonisaidia mara ya mwisho na kiasi chake. Kiwango cha damu usikiache, maana saba kwangu ni siku ya kawaida ya kwenda sokoni, wakati kwa mtu mwingine kingewashtua madaktari. Daktari akisoma kwanza, mazungumzo yanabadilika.

Faida ya daftari hilo imevuka mipaka yangu. Baba alipopatikana na presha, mimi ndiye niliyekwenda naye, nikauliza dawa inamezwa saa ngapi, ina madhara gani, kipimo kinarudiwa lini. Mimi niliyekuwa mtoto wa kubebwa mgongoni kwenda kliniki, leo ndugu zangu wote, wakubwa kwa wadogo, wakipewa karatasi ya daktari wananipigia mimi kwanza.

Kuhusu ndoa nitasema bila kuzunguka, maana mabinti wengi wananiuliza pembeni. Mwenzangu alipoanza kuonyesha nia nilimwambia mapema, kabla wazazi hawajahusishwa, nikamwomba akapime. Wengine kabla yake walipotea hapohapo. Sikuwalilia sana, selimundu ilinichujia. Yeye alipima, akakutwa hana kinasaba cha ugonjwa. Maana yake watoto wetu wote wamerithi kinasaba kimoja kutoka kwangu na kizuri kutoka kwa baba yao: wanakibeba, hawaumwi. Angekuwa naye anakibeba, kila mimba ingekuwa na nusu ya uwezekano wa mtoto kuumwa. Wazazi wangu, wote wawili wabebaji wasiojijua, uwezekano wao ulikuwa mmoja kwa nne kila mimba, nao ukaniangukia mimi. Tulianza uchumba kwa kuambiana ukweli mgumu kuliko wote, na nadhani ndiyo sababu mambo ya pesa na ya wakwe hayatushindi.

Na hapo kwa watoto kuna jambo lililonishangaza nilipolifahamu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akaona kwamba wabebaji wa kinasaba hiki ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi ambako malaria ilikuwa haba. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: anayebeba kinasaba kimoja ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kimedumu huku kwetu vizazi na vizazi. Kwa hiyo kilekile kinachonilaza mimi kinawasaidia wanangu katika mkoa wenye mbu kama huu. Chandarua bado wanalalia, kinga hiyo si kamili. Na mwenye viwili kama mimi asijidanganye hata kidogo: malaria kwetu ni hatari sana. Lakini nilipoelewa hivyo niliacha kuwatazama wanangu kama watu niliowarithisha balaa.

Kaka yangu naye ana lake. Mara ya kwanza nilipoongezewa damu, ndugu waliombwa wachangie kurudishia benki ya damu, akaenda kwa shingo upande maana anaogopa sindano. Siku hizi huenda mwenyewe bila kuitwa. Mwanaume anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na yeye tarehe zake anazijua kuliko za mechi za Simba. Hajui damu yake inamwendea nani. Mimi najua inamwendea mtu kama mimi, au mama aliyetoka kujifungua.

Mengine ni madogo. Nyumba nzima tunakunywa maji ya kutosha kwa sababu jagi langu liko mezani saa zote. Mwenye mtoto wa shule, zungumza na mwalimu aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda chooni bila kuomba mara tatu. Figo zetu hazizuii maji vizuri, na mtoto anayekojoa kitandani akiwa mkubwa si mvivu wala hajarogwa. Sweta asubuhi za mvua. Vidonge vya foliki, vya kusaidia mwili kutengeneza damu, kila siku. Mtoto chini ya miaka mitano asikose penisilini yake. Uliza kliniki kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea, maana imewapunguzia wengi siku za maumivu, mimi nikiwemo, ila ukipanga kubeba mimba zungumza na daktari kabla. Wanaokuuzia chupa ya dawa inayotibu selimundu, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, waache wapite.

Na mazuri yote haya yasikufanye ukae nyumbani ukijikaza. Kuna siku za maji, dawa ya maumivu na blanketi, na kuna siku za kukimbia. Homa kali, kifua kubana au kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kutotoka vizuri, kuishiwa nguvu ghafla na kuwa mweupe viganjani, mtoto kuvimba tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu: hizo hazisubiri asubuhi. Wenye watoto wa kiume, kuna moja ambalo wazazi hatulisemi kwa aibu. Uume unaweza kusimama kwa maumivu bila kulala kwa saa nyingi, na usipotibiwa haraka unaharibika. Mvulana asiyeambiwa mapema atajifungia chumbani akidhani ametenda dhambi. Kama mama unaona haya, mtume mjomba wake akae naye jioni moja amweleze, na amwambie kwamba likimtokea, hata iwe saa nane za usiku, agonge mlango.